ULIZA FUNDI: Daraja linalopanda kama lifti, na kwanini yale ya zamani yalikufa

Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu tu daraja la kunyanyuka nililoliona nilipoenda kumtembelea binti yangu kule Maine, Marekani, basi ujumbe umemiminika kuliko hata ile mara ya majenereta. Kwahiyo leo pampu na friji zisubiri, ukurasa wote ni daraja. Nimechukua maswali matano, mengine yamefanana sana na haya.

SWALI: Jambo sana baba fundi. Mi natoka Bukavu, sasa niko Portland, Maine, huu mwaka wa sita, na kazi yangu iko Portsmouth, jimbo la New Hampshire, ng'ambo ya mto Piscataqua. Juzi nimesimamishwa pale darajani, geti likashuka mbele ya gari, alafu barabara yenyewe ikapanda juu nzima nzima kama lifti, meli ikapita, ikashuka tena. Bosi wangu akasema hilo ni jipya, yalikuwepo mawili ya zamani na yote yalikufa, moja lilikwama kabisa. Nauliza, chuma kizito vile kinapandaje kiulaini hivo? Na kama lina nguvu vile, la zamani lilikufa na nini? (Mama wa Portland)

JIBU: Jambo mama, na pole na foleni.

Nianze na hili la nguvu maana hapo ndo wengi tunakosea, hata mi nilikosea mwanzoni nikadhani mle ndani kuna mota ya ajabu. Lile daraja halina nguvu ya ajabu. Lile daraja ni mizani. Kumbuka ile mizani ya sokoni ya sahani mbili, huku mchele kilo tano, huku jiwe la kilo tano, zikishalingana ukigusa kwa kidole tu sahani inapanda. Sasa ndo hivohivo. Kuna minara miwili, juu ya kila mnara kuna magurudumu makubwa yenye mfereji, sisi bandarini tunaita roda, na juu ya roda zinapita kamba za waya. Ncha moja ya kamba imeshika kona ya kile kipande cha kati cha barabara, ncha ya pili imeshika jiwe kubwa la zege linaloning'inia mnarani. Mawe mawili, moja kila upande, ukiyajumlisha yanakaribia uzito wa kipande chote. Barabara ikipanda mawe yanashuka, barabara ikishuka mawe yanapanda. Mota kazi yake ni kushinda msuguano, upepo na barafu, basi. Mafundi wanaacha kipande kiwe kizito kidogo tu kuliko mawe, ili kikishuka kikae vizuri kwenye kitako chake kisichezecheze magari yakipita.

Aliyefanya aina hii ikubalike ni injinia mmoja anaitwa J.A.L. Waddell, alijenga la kwanza kubwa Chicago, mtaa wa Halsted, mwaka 1894, na huyohuyo ndo alichora lile la zamani la Portsmouth, Memorial Bridge, lililofunguliwa Agosti 1923 kwa ajili ya kuwakumbuka askari na mabaharia wa New Hampshire waliokufa vita ya kwanza ya dunia. Kipande chake cha kupanda kilikuwa na futi 297, yani mita 90 hivi. Chuma cha mita 90 kimekaa kwenye mizani! Mi nikiwaza hicho kitu mpaka leo nafurahi.

Sasa kifo. Ukishajua ni mizani utaelewa na ugonjwa wake. Daraja la kawaida ukiliongezea lami inchi moja juu, linabeba tu, maisha yanaendelea. Hili ukiongeza lami, mtu lazima apande mnarani akaongeze uzani kwenye jiwe. Ukipaka rangi, na chuma cha pwani kinapakwa rangi kila baada ya miaka, zile tabaka zinajumlishana zinakuwa tani. Ukifunga kebo mpya, ngazi mpya, taa mpya, bamba la kuzibia pale palipooza, kila kilo lazima ilipwe upande wa pili. Sasa miaka themanini hiyo, mafundi wangapi wamekuja na kuondoka, nani aliandika aliongeza nini? Mizani ikipotea kidogo, mota inaanza kunyanyua kwelikweli, kazi ambayo haikuumbiwa, meno ya gia yanalika, breki zinapata moto, alafu kila mtu anasema mota imezeeka. Mota haijazeeka, imebebeshwa.

Na kutu. Piscataqua ni mto kwa jina lakini maji yake ni ya bahari, yanajaa na kupwa kila siku, kwahiyo chuma kinakula chumvi kutoka chini. Alafu baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kwahiyo kinakula na kutoka juu. Mama umeshaona lile rundo la chumvi kama mlima pale Market Street? Ile inakuja kwa meli, na meli ili ifike pale gatini lazima Memorial linyanyuke. Yani daraja lilikuwa linapanda kuipisha chumvi inayokuja kulila. Kutu mbaya kuliko zote sio ile unayoiona kwa nje, ni ile inayokaa kati ya mabamba mawili kwenye viungo, pale maji yanapoingia hayatoki, inavimba, inasukuma mabamba yaachane mpaka ribiti zinakatika. Na viungo ndo roho ya kenchi, yani ile fremu ya chuma inayobeba daraja. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu kule Minneapolis lilianguka na magari, watu 13 wakafa, na walipochunguza wakakuta mabamba ya viungo yalikuwa membamba kuliko inavyotakiwa. Ndo maana nimefurahi sana kusoma kwamba Memorial jipya limejengwa bila yale mabamba kabisa, vyuma vyenyewe vimekunjwa na kuunganishwa kwa namna nyingine, ukitaka kukagua unaona kila kitu kwa macho.

Basi lile la 1923 likaishia hivo, kwanza magari makubwa yakakatazwa, Julai 2011 magari yote yakasimamishwa, Februari 2012 kipande cha kati kikatolewa juu ya tishari kikaenda zake, na Agosti 2013 jipya likafunguliwa. La pili liko juu kidogo ya mto, Sarah Mildred Long, la mwaka 1940, limepewa jina la mama aliyefanya kazi miaka 50 kwenye ofisi iliyokuwa inasimamia daraja hilo, magari juu, treni chini. Hilo ndo bosi wako anasema lilikwama. Agosti 2016 mitambo ya kunyanyua ikagoma, na kwa kuwa mrithi wake alishaanza kujengwa na ilibaki miezi michache tu lifungwe, wakaamua halifunguliwi tena kwa magari. Jipya likafunguka Machi 2018.

Kitu kimoja niongeze kuhusu kamba maana hapo ndo kazi yangu ya miaka mingi, mi nilikuwa fundi kreni bandarini. Kamba ya waya hukagui kwa macho peke yake. Unachukua kitambaa cha pamba, unakishika legelege kuzunguka kamba, unamwambia mwenzio azungushe pole pole, kitambaa kikinasa ujue pale kuna waya umekatika, unatia alama. Siku moja tulikuwa na kamba inang'aa kwa grisi nzuri tu, kitambaa kikapita safi, msimamizi akasema grisi ya nje inatosha tuendelee na kazi, mi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa kijana. Saa nane mchana kamba ikakatika na kontena likiwa usawa wa kifua, namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa chini. Tulipoichana ile kamba, ndani moyo wake ulikuwa mkavu kabisa, unga wa kutu ukamwagika mkononi kama ugoro. Sasa kamba ya daraja inapinda palepale kila linapopanda, maelfu ya mara, grisi ya juu inaonekana freshi na ndani kukavu. Kwahiyo mtu akiniambia daraja limekwama ghafla, mi siamini neno ghafla.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi baharia wa Mombasa, nishafanya kazi kwenye meli za mafuta. Kuna mwenzangu anasema pale Portsmouth meli iliwahi kuligonga hilo daraja la pili. Rubani alikuwa wapi? Na huo mkondo ni mkali kweli au ni maneno ya watu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkondo ni mkali kweli, ni moja ya mito yenye mkondo mkali kuliko yote inayopitisha meli Marekani. Sababu ni umbo lake. Ndani huko kuna ghuba kubwa inaitwa Great Bay, na maji yote ya kuijaza na kuitoa yanapita kwenye ule mto mwembamba, ni kama kibuyu kikubwa chenye shingo nyembamba, kila maji yakijaa na yakipwa shingo inafanya kazi. Wakati wa bamvua inazidi fundo 4, na wewe unajua fundo 4 ubavuni mwa meli ni nini. Ndo maana meli kubwa zinasubiri maji yasimame ndo zipite darajani.

Kuhusu rubani hapana, tusimlaumu, hakukuwa na safari. Tarehe 1 Aprili 2013 meli ya mafuta Harbour Feature ilikuwa imefungwa gatini upande wa Portsmouth, ikakata kamba, mkondo ukaibeba ubavu ubavu mpaka ikaegemea Sarah Long la zamani, matagi wakaja kuivuta. Magari yakasimama wiki kadhaa chuma kikinyooshwa.

Na hapa tofauti ya daraja la kunyanyuka inaonekana tena. Kile kipande kinapanda kikiwa kimeshikwa na njia zake minarani, kama droo ya kabati. Droo ikikaa upande kidogo tu inanasa, si ndio? Mnara ukiinama hata kidogo, au kona moja ikitangulia nyingine, kipande kinakwaruza na kugoma. Daraja la kawaida likigongwa likapinda kidogo unaweza kuishi nalo. Hili huwezi. Walipojenga jipya wakapanua njia ya meli, na mi naona hilo lilikuwa la lazima kuliko hata mapambo ya minara.

Kuna jambo limenipendeza, mwaka 2018 watu wa chuo kikuu cha New Hampshire walifunga tabaini inayoelea kwenye nguzo ya Memorial jipya, ule mkondo uleule ukawa unaizungusha na kutoa umeme, na daraja lenyewe likafungwa sensa nyingi za kupima linavyotikisika. Wanaliita daraja hai.

SWALI: Fundi, si wajenge tu refu juu meli zipite chini, haya mambo ya kupanda na kushuka ya nini? Mbona Kigamboni halipandi? (Kijana wa Temeke)

JIBU: Kigamboni halipandi kwa sababu meli za bandari ya Dar hazina safari ya kupita pale, zinaishia gatini kabla. Swali lako lingekuwa gumu kama ungesema Likoni, maana pale kila meli ya Kilindini inapita, na ndo maana lile daraja la kuelea la waenda kwa miguu la Liwatoni lilipowekwa ilibidi liwe na kipande cha kufunguka.

Kule Portsmouth refu lipo tayari, la barabara kuu ya I-95, tangu 1972, futi 135 juu ya maji. Lakini daraja refu linahitaji mlima wa kupandia kila upande, na wewe hebu fikiria mlima wa namna hiyo katikati ya mji wa zamani, unabomoa nyumba za watu nusu mtaa. Memorial unashuka unaingia mjini moja kwa moja, watu wanalivuka kwa miguu kwenda kunywa kahawa, kwa baiskeli kwenda kazini, barabara kuu huruhusiwi kukanyaga. Alafu treni haiwezi mlima mkali. Kuna kiwanda cha jeshi la majini upande wa Kittery, mji wa Maine ng'ambo ya Portsmouth, kinakarabati nyambizi, na reli yake inapita Sarah Long. Hapo walifanya jambo la akili sana kwenye jipya, kipande kinakaa usawa wa magari futi 56 juu ya maji, kwahiyo boti nyingi zinapita bila kumsumbua mtu, meli kubwa ikija kinapanda, na treni ikija kinashuka chini zaidi mpaka usawa wa reli. Kipande kimoja, ghorofa tatu. Mi sijaona kingine cha hivo.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Leicester, asili yangu Unguja. Kwa maelezo yako inaonekana kila daraja la aina hii likifika miaka 80 ni la kutupwa. Ni kweli? Inauma kuona vitu vya zamani vinakatwa chuma chakavu.

JIBU: Waalaykum salaam. Sio kweli kabisa, na nashukuru umeuliza. Kuna Hawthorne Bridge, liko Portland nyingine, ile ya Oregon, mto Willamette, lilifunguliwa 1910 na linapanda mpaka leo, mawe yake mawili kila moja tani 450, na Waddell na mwenzake Harrington ndo walilichora. Lina miaka zaidi ya mia na mabasi yanapita. Siri yake sio chuma cha ajabu. Walilifungia sakafu ya chuma cha wavu, nyepesi, theluji na mvua vinapita chini havikai juu kuharibu mizani, na mwishoni mwa miaka ya 90 walilifunga kwa muda wakaliingilia kweli, ukarabati mzima sio kupaka rangi juu ya kutu. Mji ulikubali foleni ya mwaka ili upate daraja la miaka mingine mingi. Tofauti na kule ambako kila bajeti inasema mwakani, mwakani.

Na huko kwenu lipo la Tees Newport, Middlesbrough, la mwaka 1934, la kwanza kubwa la aina hii Uingereza. Meli za kupita pale zilipoisha, wakalinyanyua mara ya mwisho Novemba 1990 wakalifunga lisipande tena. Bado linabeba magari. Kulistaafisha kunyanyuka ni njia ya heshima, kama mto hauna tena meli. Piscataqua meli bado zinakuja, hiyo njia haikuwepo.

Ila kuhusu kuuma, nakubaliana na wewe. Memorial lilipofunguliwa 1923 utepe ulikatwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, Eileen Dondero. Huyo mtoto akakua, akaolewa akawa Eileen Foley, akawa meya wa Portsmouth mihula minane. Jipya lilipofunguliwa 2013 alikuwa na miaka 95 na alikuwepo kulifungua. Mtu mmoja kafungua mawili, la kwanza akaliona likizaliwa na likiondolewa.

SWALI: Mzee mi niko Kittery upande wa Maine. Kinachonikera ni boti moja ya starehe, watu wawili wanakunywa soda, inasimamisha magari hamsini. Sheria gani hii?

JIBU: Sheria ya zamani kuliko gari lako. Mto ulikuwa barabara kabla ya barabara, na anayeuziba kwa daraja ndo mwenye wajibu wa kufungua, walinzi wa pwani wa Marekani wanalisimamia hilo kwa kila daraja. Lakini wamewafikiria na nyinyi, msimu wa joto mchana boti ndogo hazifunguliwi Memorial saa yoyote zinazotaka, zinasubiri saa kamili au nusu saa, kwahiyo ukipanga safari yako dakika kumi kabla au baada hutakutana nazo. Meli kubwa haisubiri saa, inasubiri maji.

Na siku ukisimamishwa, zima injini, shusha kioo. Usiangalie boti. Angalia kile kipande kinapoanza kuachia kitako, kama pembe zote nne zinaondoka pamoja au moja inachelewa, alafu sikiliza. Mi nilisimama pale na binti yangu asubuhi moja, kengele ikalia, geti likashuka, pembe zote zikaachia kwa pamoja, ukaonekana ufa mwembamba wa mwanga kati ya lami na lami, na chini yake maji yanakimbia kwelikweli. Sikusikia mkwaruzo wowote, kamba tu zikipita kwenye roda. Ukisikia mkwaruzo, nenda ukawaambie wahusika siku hiyohiyo.